Tanki la maji taka hujaa siku za mwanzo

Wiki ya pili ya mwezi wa tatu, mvua ikiwa imeishika Mbeya mchana na usiku, choo cha kukaa katika nyumba moja ya mteremkoni kilianza kugoma. Ukivuta maji, yanapanda hadi karibu na ukingo, yanasimama, kisha yanashuka polepole yakigugumia. Siku mbili baadaye maji yakaanza kurudi juu ya sakafu ya bafu. Siku ya nne chemba ya chini kabisa ikatoa maji meusi kupitia pembeni mwa mfuniko, yakateremka moja kwa moja hadi kwenye mahindi ya jirani.

Nyumba ina watu sita. Mfumo wake wa maji taka ulikuwa na umri wa miezi mitano tu: tanki la tofali lenye vyumba viwili, na mbele yake shimo la kunyonya lililopangwa mawe. Vyote vilijengwa mwezi wa kumi, ardhi ikiwa kavu kama kigae. Mwenye nyumba akasema neno ambalo karibu kila mtu hulisema akifikwa na hali hiyo: "Tanki limejaa." Akaita gari.

Neno hilo ndilo lililomla fedha kuliko kitu kingine chochote mwaka ule. Tanki la maji taka hujaa siku za mwanzo, kisha linatakiwa kubaki limejaa maisha yake yote. Halikujengwa kutunza maji, limejengwa kuyachelewesha. Kila lita inayoingia inasukuma lita nyingine itoke upande wa pili. Katika ule utulivu, vizito vinazama na kuwa tope, mafuta na vyepesi vinaelea na kuwa gamba, na katikati linabaki tabaka la maji yenye rangi ya chai iliyochujwa vibaya. Maji hayo ya katikati ndiyo yanayotoka. Vijidudu wasiohitaji hewa wanalimeng'enya tope huko chini na kulipunguza, lakini hawalimalizi. Maji yanayotoka nayo si safi hata kidogo, bado yamebeba vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo. Anayesafisha ni udongo. Kwa hiyo mtu akiniambia mfumo wake umekufa, nauliza habari za udongo kwanza, tanki baadaye.

Gari la kwanza lilikuja, likavuta, likaondoka. Choo kikawa kizuri kama kipya. Siku ya nane kikagoma tena.

Hapo palikuwa na hesabu ambayo ingeokoa magari manne yaliyofuata. Kwa ndani tanki lile lina urefu wa mita 2.4 ukiacha unene wa ukuta wa kati, upana wa mita 1, na kina cha maji mita 1.3. Hiyo ni lita 3,120. Watu sita wakitumia lita 80 kila mmoja kwa siku ni lita 480. Gawanya: siku sita na nusu. Yaani gari lilipoondoka, familia ilianza kujaza tanki tupu, na lilipojaa tena hali ikarudi palepale. Ukiona nafuu inadumu muda uleule ambao tanki linahitaji kujaa upya, hujatibu chochote, umenunua wiki moja ya nafasi. Familia hii iliinunua mara tano kati ya mwezi wa tatu na wa tano. Fedha za safari hizo zingenunua sehemu kubwa ya kokoto iliyokuja kuhitajika baadaye.

Safari ya pili ilikuwa na kisa chake. Mvua ilikuwa imeharibu njia ya chini, gari likasimama barabara ya juu, zaidi ya mita saba juu ya tanki. Likanguruma nusu saa bila kuleta tope, mwenye nyumba akaamini ametapeliwa. Hakutapeliwa, aliangushwa na mlima. Gari la maji taka halivuti kwa nguvu ya injini peke yake. Linatoa hewa ndani ya pipa lake, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji kupanda. Pwani, hewa hiyo inaweza kwa nadharia kuinua maji hadi karibu mita 10. Mbeya mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi, na nadharia inaishia mita 8 na kitu. Toa upotevu wa ndani ya mpira, toa uzito wa tope, toa pampu iliyochoka: kwa kazi halisi usitegemee zaidi ya mita 5. Njombe ni pungufu zaidi. Nyumba zetu nyingi ziko chini ya barabara, na tanki huwekwa kona ya chini kabisa ya kiwanja kwa sababu maji hushuka. Kabla ya kuchimba, simama pale gari litakaposimama, uangalie tanki litakuwa chini kiasi gani na mpira utahitaji mita ngapi. Mwisho familia iliomba njia kwa jirani wa chini, yuleyule wa mahindi. Alikubali, lakini heshima iliyopotea siku ile haikurudi kwa risiti.

Kulikuwa pia na ushauri wa mtaani: toboa tundu usiku, mvua ikinyesha kubwa, maji yaende na mvua. Watu huita kutapisha. Mtu anayetapisha anawanywesha wa chini yake kinyesi, na msimu wa mvua ndio msimu wa kipindupindu. Afisa afya akikukuta ni faini, na ni haki yako kuilipa.

Aliyefumbua fumbo ni dereva wa gari la tano, kijana mpole aliyewahi kuona mengi. Alisimamisha pampu tanki likiwa nusu, akamulika tochi mdomoni mwa bomba la kutokea. "Mama, njoo uone. Halafu usiniite tena mpaka umeita fundi." Maji yalikuwa yanarudi ndani ya tanki kutoka kwenye shimo la kunyonya. Shimo lilikuwa limejaa hadi juu ya bomba.

Huhitaji kusubiri gari kuona hilo. Fungua mfuniko wa tanki, simama kando, acha hewa ipite kwanza kwa dakika kadhaa, usiwashe kiberiti wala kuvuta sigara karibu, kisha tazama usawa wa maji ukilinganisha na bomba la kutokea. Maji yakiwa sawa na tumbo la chini la bomba, tanki ni zima; kama choo kimegoma, kizuizi kiko kati ya choo na tanki, na unahitaji fimbo za kuzibulia. Maji yakiwa juu ya bomba, tatizo liko mbele: bomba la kutokea limeziba au udongo umekataa. Maji yakiwa chini ya bomba wakati nyumba inatumika kila siku, tanki linavuja, na huenda kisima cha mtu kinapokea. Uchunguzi huu wa dakika kumi ni bure, na ndio unaokuambia umwite nani.

Sasa lisemwe jambo ambalo halina mzaha. Mtu haingii ndani ya tanki wala ndani ya shimo la kunyonya, hata likiwa limenyonywa, hata kwa dakika moja kuokota simu. Tope linatoa gesi yenye harufu ya yai bovu, na gesi hiyo ikizidi inaua pua kwanza: harufu inapotea, mtu anadhani hewa imekuwa nzuri, hatua inayofuata anaanguka. Anayeshuka kumwokoa anaanguka juu yake. Kazi zote za tanki lililokwisha kutumika zifanyike kutoka juu, kwa vifaa virefu. Fundi anayekuambia "nimezoea" mshukuru, mrudishe nyumbani kwao akiwa hai.

Shimo la kunyonya lilipofunguliwa mwezi wa sita, sababu zilikuwa nne, zimekaa moja juu ya nyingine.

Ya kwanza ilikuwa ndogo kwa bei kuliko zote. Bomba la kutokea lilichomoza ukutani likiwa wazi, bila tii. Tii ni kipande cha PVC cha inchi 4 chenye umbo la T: mkono wa juu unabaki wazi kwa hewa na kwa kuzibulia, mkono wa chini unazama katikati ya maji. Upande wa kuingilia, mkono wa chini uzame kama sentimita 30, ili maji yasipige gamba na kulivuruga. Upande wa kutokea uzame kama asilimia 40 ya kina cha maji. Kwa tanki hili ni karibu sentimita 50. Bila tii ya kutokea, gamba la mafuta linatoka lenyewe kama maziwa yanavyofurika sufuriani, na linakwenda kupaka kuta za shimo la kunyonya. Fundi alisema dukani tii ziliisha, angeiweka baadaye. Slabu ilimwagwa, baadaye haikufika.

Ya pili, mabomba ya mabati ya paa yalielekezwa kwenye chemba "ili uwanja usiwe na matope". Paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 30, hiyo ni lita 3,600 kwa alasiri moja. Tanki zima linasombwa, tope linaamshwa, na vyote vinapelekwa mbele. Maji ya paa hayana kazi hata moja kwenye maji taka.

Ya tatu, chini ya shimo kulikuwa na maji ya ardhini. Lilichimbwa mita 3.5 mwezi wa kumi na kuonekana kavu. Mwezi wa tatu maji ya ardhi yalikuwa yamepanda hadi mita 2.7 kutoka juu. Shimo likageuka kisima, na kisima hakinyonyi. Kati ya kitako cha shimo au mfereji na maji ya ardhi ya masika inatakiwa ibaki angalau mita 1.5 ya udongo usiolowa. Umbali kutoka kisima au chemchemi uwe mita 30 au zaidi, na kisima kisiwe upande wa chini ya mteremko. Waulize wenyeji wa eneo maji ya visima vyao hupanda hadi wapi mwezi wa nne. Hicho ni kipimo kizuri kuliko maneno ya dalali.

Ya nne ndiyo mama wa yote: udongo haukupimwa. Au ulipimwa kwa namna ya mafundi wengi, kumwaga ndoo moja mwezi wa kumi. Mfinyanzi mwekundu ukikauka una nyufa, unameza ndoo hata tatu. Ukilowa unavimba, nyufa zinafunga.

Kipimo chenyewe hakihitaji mtaalamu wa mbali. Chimba tundu la upana wa sentimita 30 hadi kina kile ambacho mfereji wako utafika. Kwaruza kuta zake kwa msumari mrefu ili ngozi iliyolainishwa na jembe itoke. Lijaze maji, yakiisha ongeza, liache lilowe usiku kucha. Asubuhi weka maji ya kina cha sentimita 30, simamisha rula au fito yenye alama, soma baada ya dakika 30 na tena baada ya dakika 90. Fanya matundu matatu, maana kiwanja kimoja kinaweza kuwa na udongo wa aina mbili. Sentimita 2.5 zikichukua zaidi ya saa moja kushuka, udongo huo hautakunywea maji ya familia, usichimbe. Zikishuka chini ya dakika moja, furaha yako isizidi: maji yanapita bila kuchujwa. Hali hiyo utaikuta Rungwe na pande za Tukuyu, kwenye yale mawe mepesi ya volkano yanayoelea ukiyatia kwenye ndoo. Huko shimo halijai miaka na miaka na watu hulisifu, kumbe chemchemi ya chini inakunywa kila kitu. Dawa yake ni mfereji wa juujuu wenye mchanga chini ya kokoto, na umbali mkubwa zaidi kutoka maji ya kunywa.

Iringa mjini shida hugeuka. Ukichimba mita moja unagonga mwamba, jambo lisiloshangaza katika mji wenye jiwe la Gangilonga. Mtu hupasua mwamba kwa moto na nyundo mpaka apate shimo refu la mduara, halafu anashangaa linajaa. Mwamba haunyonyi. Udongo wa mita ya kwanza ndio ulionao, utumie huo kwa urefu.

Na hapa ndipo hesabu ya familia yetu ilipobadilika. Kitako cha shimo la kunyonya huziba mapema, kwa hiyo ukipiga hesabu usikihesabu. Hesabu kuta tu. Udongo wa tifutifu wa kawaida hupokea kama lita 24 kwa kila mita ya mraba ya ukuta kwa siku, mchanga mnene hadi 50, mfinyanzi mgumu chini ya 10. Matundu ya kiwanja hiki, kwenye tabaka la juu ambalo bado ni tifutifu kabla ya kufika kwenye mfinyanzi, yalitoa kiasi cha kutosha kutumia 24. Lita 480 kwa 24 ni mita za mraba 20. Shimo la duara lenye kipenyo cha mita 1.2 na kina kinachofanya kazi cha mita 2.5 lina ukuta wa mita za mraba 9.4. Hata mawili hayatoshi, na yote mawili kitako kingekuwa ndani ya maji. Mfereji wenye kokoto za kimo cha sentimita 80 una kuta mbili, yaani mita za mraba 1.6 kwa kila mita ya urefu. Mita 12.5 zinatosha. Walichimba mifereji mitatu ya mita 7 kila mmoja, ikiachana mita 2, ili miwili ifanye kazi na mmoja upumzike.

Kina chake kilikuwa mita 1.2, upana sentimita 60, na iliukata mteremko kwa kukingama, kama matuta ya kukinga mmomonyoko. Ukielekeza mfereji kushuka na mlima, maji yote yanakimbilia mwisho na kutokea huko kama chemchemi ya aibu. Bomba la inchi 4 lenye matundu ya milimita 10 lililazwa karibu bapa, kushuka kwa sentimita 3 tu katika mita 7. Kokoto zilioshwa. Vumbi la kokoto ndilo linaloziba kuta kabla ya maji taka kupata nafasi. Jumla zilitumika karibu kyubiki (mita za ujazo) 10. Juu ya kokoto waliweka karatasi za mifuko ya saruji na nyasi kavu, ndipo udongo. Nailoni haifai, ardhi inatakiwa kupumua.

Kazi ilisubiri mwezi wa saba makusudi. Mfinyanzi uliolowa ukichimbwa, jembe linaupiga plasta: ukuta unang'aa, vinyweleo vimefungwa. Hata kiangazi kuta zilikwaruzwa kwa reki kabla ya kokoto kuingia. Kibarua aliyeambiwa akwaruze ukuta ambao utafukiwa alicheka sana.

Kabla ya mifereji ilijengwa chemba ndogo ya kugawa maji yenye midomo mitatu, mmoja ukizibwa kwa kizibo cha PVC. Kila miezi sita kizibo kinahama. Maji taka hulisha utando mweusi wa vijidudu kwenye ukuta wa mfereji. Utando ukinenepa, maji hayapiti. Mfereji ukipumzika na kukauka, utando unakufa na udongo unarudi. Kitu hiki cha bei ya mlo wa hotelini kinaongeza maisha ya mfumo kuliko dawa yoyote ya kumwaga chooni. Hamira haifanyi kitu. Chumvi ya mawe inafanya, lakini kinyume: inawaumiza vijidudu na kuuharibu mfinyanzi. Kinyesi chenyewe kina vijidudu wa kutosha tangu siku ya kwanza.

Juu ya mifereji wamepanda nyasi na migomba upande wa chini. Miti ya maparachichi ilihamishwa, kwa kuwa mparachichi hautaki mizizi yake ilowe, unaoza. Mkaratusi usiukaribishe hata kidogo, mizizi yake itasafiri kulifuata bomba. Upande wa juu ulichimbwa mtaro wa kukinga maji ya mlima yasipite juu ya kokoto.

Kwa ambaye bado hajajenga, vifaa vya tanki la ukubwa huu, kuta za tofali za inchi 6 zilizolazwa, ni tofali kama 210 pamoja na zitakazovunjika, saruji mifuko 15 hadi 17 ya kilo 50, nondo 4 za milimita 10 kwa slabu isiyopitiwa na gari. Zege la kitako na slabu 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), unene wa sentimita 10 hadi 12. Mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kujengea 1:4. Plasta ya ndani 1:3, mara mbili, kisha niru (saruji tupu ya kulainisha). Chumba cha kwanza kichukue theluthi mbili ya urefu, mita 1.6 hapa. Ukuta wa kati uwe na tundu katikati ya kina cha maji, si chini na si juu, na nafasi ya hewa juu yake. Bomba la kuingilia liwe juu ya la kutokea kwa sentimita 5 hadi 7, na kati ya maji na slabu zibaki sentimita 30. Mifuniko miwili, kila chumba na wake, iwe mahali unapoweza kufikia tii zote mbili kutoka juu. Bomba la hewa lipande hadi juu ya paa. Mabomba ya kuleta maji taka yashuke sentimita 2.5 kwa kila mita. Mlimani, usiyaache yaporomoke hadi tangini, weka chemba ya kushusha kimo na mita tatu za mwisho ziwe za upole.

Likikamilika, lijaze maji safi, weka alama, ngoja saa 24 baada ya plasta kunywa ya kwanza. Likishuka, rekebisha sasa. Hakuna fundi atakayeweza kuingia baadaye. Yale maji yaache humohumo. Tanki tupu katika udongo uliolowa husukumwa kuta zake ndani, na la plastiki huibuka kama mtumbwi. Ndiyo maana pia halinyonywi masika bila sababu, na likinyonywa linarudishiwa maji siku hiyohiyo.

Matumizi ya ndani yalibadilika kidogo. Mafuta ya kukaangia yanafutwa kwa karatasi, hayamwagwi kwenye sinki. Majivu na mchanga wa kusugulia masufuria huoshwa nje, kwa sababu havimeng'enywi kabisa, vinakaa chini hadi gari lije. Pampasi, taulo za kike, magunzi na vitambaa vina ndoo yao yenye mfuniko. Jik kidogo ya kusafishia choo haidhuru, ila chupa nzima kwa siku moja inadhuru. Nguo za wiki nzima hazifuliwi Jumamosi moja.

Kipimo cha mwaka ni fito ya mita 2 iliyovishwa taulo jeupe nusu ya chini. Izamishwe taratibu kupitia tii ya kutokea hadi kitako, isubiri dakika chache, itolewe: tope huacha doa jeusi. Chumba cha kwanza kinapimwa vivyo hivyo kupitia mfuniko wake. Gamba hupimwa kwa fito yenye kibao kidogo mwishoni: sukuma, zungusha, vuta juu hadi iguse gamba kwa chini. Tope na gamba vikifikia theluthi ya kina cha maji, hapa sentimita 43, ita gari. Mtu mmoja huongeza kama lita 40 za tope kwa mwaka, watu sita lita 240, kwa hiyo theluthi hiyo huchukua miaka minne hivi. Njombe na Makete punguza, maana baridi inawalegeza vijidudu na tope linarundikana haraka, hasa miaka ya kwanza. Gari likija, uliza linakwenda kumwaga wapi. Jibu sahihi ni mabwawa ya mamlaka ya maji.

Tarehe zinaandikwa kwa chaki ya mafuta nyuma ya mlango wa stoo. Mistari ya kwanza mitano ni ya magari. Wa sita ni wa mwezi wa saba mwaka uliofuata: chumba cha kwanza tope sentimita 14, gamba 3, chumba cha pili tope 2, maji sawa na bomba, kizibo kimehamia mfereji wa juu.